Simu na Sikio Zito: Mbinu za Kuongea Bila Kubahatisha

Mwenye sikio zito anaweza kuelewana vizuri na mtu aliyekaa mbele yake. Humtazama midomo, humsoma uso, na neno lililopotea hulikamilisha kwa macho. Simu inamnyang'anya yote hayo na kumwachia sauti peke yake, tena sauti iliyopunguzwa. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa konsonanti kama s na f iko juu ya hapo. Masikio yanayochoka kwa umri au kwa kelele nayo huanza kupoteza sauti hizohizo nyembamba. Ndiyo maana wengi husema, "Namsikia anaongea, ila sielewi anachosema." Irabu zinafika, konsonanti zinabaki njiani. Huo si uzembe wala si akili kupungua.

Kwa Kiswahili hasara hiyo huuma zaidi kwenye tarakimu. Sita na tisa zina irabu zilezile na konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. Sitini na tisini, vivyo hivyo. Aliyeambiwa basi linaondoka saa sita akasikia saa tisa ameshaachwa, na aliyeambiwa bei ni elfu sitini akaitikia akidhani ni tisini ameshalipa zaidi.

Mbinu zilizo hapa chini zina lengo moja: anayeongoza mazungumzo awe yule asiyesikia vizuri. Ukimwachia mwenzako usukani, ataongea kama anavyoongea na kila mtu.

Sema mapema, tena kwa adabu

Sentensi ya kwanza baada ya salamu ibebe mambo matatu: una shida gani, afanye nini, na mtahakikishaje. Kwa mfano: "Samahani kaka, masikio yangu hayasikii vizuri. Ongea polepole bila kupiga kelele, nami nitarudia ulichosema ili tuhakikishe." Kwa mzee utaanza na "Shikamoo mzee, niwie radhi," kisha maneno yaleyale. Kumkatiza mkubwa kila dakika ndiko kunakoonekana utovu wa adabu. Kumweleza mapema kunakupa ruhusa ya kuuliza tena.

Usisahau kutaja kwamba asipige kelele. Mtu akipaza sauti, irabu ndizo zinazovimba na konsonanti hubaki dhaifu vilevile. Isitoshe, masikio mengi yenye hitilafu husikia kidogo sauti ya chini lakini huumizwa na sauti kubwa.

Salamu zetu ndefu nazo zitumie. "Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Majibu yake unayajua kabla hayajatoka, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuongeza sauti, kuhamisha simu sikio la pili na kuizoea sauti ya anayeongea. Ikiwa hata "hawajambo" haikufikii, mtandao ni mbovu. Kata simu, andika meseji.

Uliza swali lenye majibu machache

Swali lililo wazi huleta jibu refu, na ndani ya jibu refu ndimo unamopotelea. Ukimwuliza msafirishaji, "Mzigo wangu utafika lini?" atakueleza habari za dereva, mizani, mvua na tairi. Mwulize hivi:

— Mzigo umeshatoka Mwanza, au bado?
— Bado.
— Unatoka leo au kesho?
— Kesho.
— Kesho asubuhi au jioni?
— Jioni.
— Nimesikia mzigo unatoka Mwanza kesho jioni. Ni hivyo?
— Ndiyo, mama.

Kila jibu ni neno moja ambalo tayari ulilitaja wewe mwenyewe, kwa hiyo sikio halina kazi ya kutafuta. Lina kazi ya kuchagua tu. Chagua pia maneno yasiyofanana. "Asubuhi" na "jioni" hazichanganyiki. Badala ya kuuliza "saa sita au saa tisa?" uliza "adhuhuri au alasiri?" na hata mtu asiyeswali atakuelewa.

Ukipotelewa, usiseme "Eeh?" wala "Nini?" kwa sababu mwenzako hajui kipi kilichopotea, basi atarudia yote kwa mwendo uleule. Mwonyeshe palipokatika: "Nimesikia Jumatano, sikusikia saa." Akirudia mara mbili bila mafanikio, mwombe abadilishe maneno. Pengine "hospitali ya wilaya" haipiti, lakini "pale anapofanya kazi dada yako" itapita. Na liwe sharti kwako: jambo usilolisikia usiliitikie. "Haya, sawa" ya kumaliza aibu ndiyo inayozaa safari za bure na deni ambalo hukukubali.

Tarakimu na majina

Mwombe mwenzako asome tarakimu mojamoja, si "sabini na sita" bali "saba, sita", nawe uzirudie mbilimbili huku ukiandika. Sita na tisa zikigongana, uliza: "Ni ile inayofuata tano, au inayotangulia kumi?" Njia nyingine ni kuhesabu wewe: "Nitaanza moja, nizuie nikifika." Unapotaja "tano, sita…" yeye husema "hapo!" na kazi imekwisha.

Majina yatajeni herufi mojamoja kwa majina ya mahali: M kama Mombasa, N kama Nairobi, B kama Bukoba, P kama Pemba, D kama Dodoma, T kama Tanga. Namba ya simu, namba ya akaunti, kiasi cha fedha, tarehe ya kliniki na jina la dawa vyote viishie kwenye maandishi, hata kama unaamini umevisikia: "Nitumie hiyo kwa meseji tafadhali, nitaisubiri."

Ukisikia mlio tu, si maneno

Wapo ambao simu huwafikishia mlio wa sauti bila neno hata moja. Hao pia wanaweza kupiga simu kwa watu wa karibu, mradi wakubaliane mapema majibu matatu yenye urefu tofauti: "La" kwa hapana, "Ndiyo, ndiyo" kwa kukubali, na "Subiri kwanza nikuulizie" kwa jambo lisilojulikana. Sikio lisilopata herufi mara nyingi bado hupata mapigo. Unaongea wewe, unauliza wewe, na mwenzako hujibu kwa mojawapo ya hayo matatu tu. Kaeni pamoja nyumbani mfanye mazoezi, mmoja sebuleni, mwingine uani.

Mahali na mkao

Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo. Vitu laini humeza mwangwi. Jikoni kwenye vigae na varandani chini ya bati sauti hurudi na kuvuruga maneno. Zima redio, televisheni na feni. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha simu.

Jaribu masikio yote mawili. Wengi hushika simu kwa mkono waliouzoea na hawajawahi kupima kama sikio la upande wa pili ni zima zaidi. Kisha jaribu spika: simu iwe mezani juu ya kitambaa, karibu na wewe, masikio yote mawili yasikilize. Ubaya wake ni kwamba siri zako zinasikika hadi kwa jirani. Ukiwa na jambo la faragha, tumia hedifoni za kufunika masikio yote.

Ichimbue simu yako

Kwenye simu janja fungua Mipangilio, kisha Ufikivu, utafute sehemu ya kusikia. Kutegemea aina ya simu, utakuta mizani ya sauti ya kulia na kushoto, na sauti ya mono, ambayo huunganisha sauti za pande zote mbili ili mwenye sikio moja zima asikose nusu ya wimbo au ya video. Simu nyingi pia zinaweza kumulika taa ya kamera simu inapoita. Washa na mtetemo, simu ikae mfukoni au juu ya meza ya mbao, si ndani ya mkoba.

Ukiwa na intaneti nzuri, jaribu kupiga kwa WhatsApp. Sauti yake hubeba mawimbi mapana kuliko simu ya kawaida, na konsonanti huonekana kufufuka. Mtandao ukiyumba, faida hiyo hupotea mara moja. Ikiwa simu yako na laini yako vina huduma ya sauti kupitia 4G, iwashe, nayo hupanua mawimbi, hasa pale simu ya upande wa pili inapokuwa nayo.

Simu ya video inakurudishia midomo na uso. Mwenzako akae akielekea mwanga, dirisha lisiwe mgongoni kwake, na simu aiegemeze kwenye kitu isichezecheze. Hapo tarakimu hazina tena tatizo: aonyeshe vidole. Vidole sita na vidole tisa havijawahi kufanana.

Ipo pia programu ya bure ya Google iitwayo Live Transcribe, inayoandika maneno kadiri yanavyosemwa, na Kiswahili kimo. Ili ikusaidie kwenye simu ya sauti unahitaji simu mbili: moja inapiga ikiwa kwenye spika, nyingine imelazwa kando yake ikiandika. Itakosea majina, itapotea mtu akichanganya Kiswahili na Kiingereza, na tarakimu zake usiziamini bila meseji. Hata hivyo kwa mazungumzo marefu na mtoto aliye mbali, kusoma nusu na kusikia nusu ni bora kuliko kuitikia gizani.

Mwenye kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, naye hajaachwa. Simu hizo zina mtetemo, zina meseji, na nyingi spika yake ni kubwa kuliko ya simu janja. Mnaweza pia kuwekeana maana za bipu: moja, "nimefika salama", mbili mfululizo, "soma meseji yako."

Ukiwa umevaa shimesikio

Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, likiwa la kukaa nyuma ya sikio maikrofoni zake ziko huko juu. Wengi huweka simu kwenye tundu la sikio kama zamani, kisha hulalamika kwamba hawasikii kitu. Isogeze simu juu, spika yake ielekee kwenye kifaa chenyewe, na uiinamishe kidogo. Likipiga mluzi, iachanishe kwa upana wa kidole.

Unapokwenda kununua au kurekebishiwa kifaa, nenda na simu yako na upige simu ukiwa palepale kwa mtaalamu, ili akirekebishe kwa sauti unayoisikia kweli. Uliza kama kina koili ya simu, ambayo huandikwa herufi T, au kama kinaunganika kwa bluetooth na aina ya simu uliyonayo. Uliza betri zake zinapatikana wapi. Zinazotumika sana hutambulika kwa rangi: namba 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya chungwa, 675 ni bluu. Hizo ni betri zinazotumia hewa. Karatasi yake usiibandue kabla ya siku ya kuitumia, kwa maana ikishabanduliwa huanza kuisha hata ukiiacha mezani. Ukiibandua, ngoja dakika moja hivi kabla ya kuitia.

Kwa wakazi wa pwani, jasho na unyevu ni adui mkubwa wa kifaa hiki. Usiku fungua kijumba cha betri, kifaa ukiweke ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usikianike juani.

Pesa na matapeli

Malipo kwa njia ya simu yalikuja kama msaada usiokusudiwa kwa asiyesikia: unabonyeza menyu, unasoma meseji, hakuna wa kuongea naye. Shikilia hapo. Anayepiga akijiita mtoa huduma na kukuharakisha anategemea uitikie usichokisikia. Mjibu neno moja, "Niandikie," kisha kata. Fedha zilizoingia huonekana kwenye salio lako, si kwenye maneno ya mtu. Namba ya siri usiitaje kwa sauti, hasa wewe unayetumia spika. Tanzania, meseji ya kitapeli unaweza kuipeleka kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mtu wa katikati

Marekani, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 iliyalazimisha makampuni ya simu kuweka wasaidizi wa katikati: mmoja anaandika, msaidizi anasoma kwa sauti, jibu linarudi kwa maandishi. Ukiwa huko, hupatikana kwa kupiga 711. Huku kwetu kazi hiyo huifanya mtoto, mke au jirani, na mara nyingi mambo huharibika hivi: simu inakwisha, unauliza "Wamesemaje?" unajibiwa "Aah, hakuna kitu." Dakika tano za mazungumzo zimekuwa hakuna kitu, na uamuzi umeshafanywa bila wewe.

Mchague mtu wa katikati na mpatane masharti. Simu ni yako, yeye anakukopesha masikio. Atoe kila kinachosemwa, hata kama kwake ni upuuzi. Asijibu kabla hajakuuliza. Na aanze kwa kumtambulisha mwenye simu: "Mama yuko hapa anakusikiliza kupitia kwangu, yeye ndiye atakayejibu."

Kwa dharura usisubiri siku yenyewe. Tanzania polisi ni 112 na zimamoto ni 114. Hata kama husikii jibu, unaweza kupiga na kusema mara tatu uko wapi na kuna nini. Lakini jirani na balozi wa nyumba kumi wajue mapema hali yako, na uandae meseji yenye mahali unapoishi na alama ya karibu, tayari kutumwa kwa watu watatu kwa mpigo.

Msaada uko wapi

Anza hospitali, idara ya masikio, pua na koo. Wakati mwingine kizibo ni nta tu, nayo hutolewa siku hiyohiyo. Usiichokonoe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo wala unyoya wa kuku. Ukitoka usaha, au ukipoteza usikivu ghafla ndani ya siku moja hadi tatu, nenda bila kuchelewa. Upotevu wa ghafla una nafasi nzuri zaidi ya kutibika ukiwahiwa siku za mwanzo. Mweleze daktari dawa ulizotumia, zikiwemo kwinini na sindano za kifua kikuu, kwa kuwa zinajulikana kugusa masikio. Omba kipimo cha usikivu na nakala ya mchoro wake, uutunze, maana kila ofisi utakayokwenda itauhitaji. Tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani, na baadhi ya hospitali hupima watu bila malipo siku za karibu na hiyo. Ambao vifaa vya kawaida haviwafai, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio.

Pili, vyama vya viziwi. Tanzania Bara kuna CHAVITA, Zanzibar kuna CHAVIZA, Kenya kuna KNAD. Aliyepoteza usikivu ukubwani husita kuingia humo kwa kuwa hajui lugha ya alama. Aingie tu. Huko ndiko wanakojua nani anauza betri za kweli, mkalimani anapatikana wapi, na afisa gani husikiliza. Na alama chache mkijifunza nyumbani, simu zenu za video zitakuwa nyepesi.

Tatu, serikali. Tanzania, mlango ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakutambua, na katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kenya, jiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kitambulisho chake ndicho kinachofungua maombi ya vifaa saidizi na nafuu ya kodi ya mapato. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inakupa haki ya kutumia lugha ya alama na njia nyingine za mawasiliano zinazokufaa. Ukienda, nenda na maswali yako yameandikwa, na omba majibu yaandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Anza na watu watatu

Usijaribu yote wiki moja. Chagua watu watatu unaoongea nao zaidi, uwatumie ujumbe huu, kisha uuhifadhi kwa ajili ya wengine:

"Nasikia kwa shida kwenye simu. Tafadhali nitumie meseji kwanza useme jambo lenyewe, ndipo upige. Ukipiga, ongea polepole, jambo mojamoja, usiwe barabarani wala sokoni. Namba, saa na pesa ziandike. Nikikuuliza mara ya pili usiseme 'basi, achana nayo'. Niambie tena."

Atakayekupigia kabla ya kuandika, kata simu na umtumie ujumbe huo mara ya pili.